Mwalimu wa Sufuria

"Mwalimu, mbona unazima simu kabla ya kutoa jibu?"

Aliyeuliza ni Wawira, msichana wa kidato cha kwanza mwenye maswali mengi kuliko meno. Alikuwa amepiga magoti uani kwa mwalimu wake, ameshika kwa mikono miwili sufuria kubwa ya kupikia githeri, yale mahindi na maharagwe, iliyogeuzwa tako juu, masizi yamempaka hadi viwikoni. Juu ya masizi hayo palikuwa na hesabu iliyoandikwa kwa chaki nyeupe, nzuri, safi, imeteremka mstari kwa mstari hadi karibu na mwisho. Ulibaki mstari mmoja tu. Hapo ndipo Mwalimu Phyllis Ruguru aliponyoosha kidole kwenye simu iliyofungwa juu ya panda la mti kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akabonyeza, kurekodi kukaisha.

"Chota maji unawe," mwalimu akasema. "Ukiingia darasani hivyo watasema nimewaletea mchoma makaa."

Sasa hilo si jibu. Wawira alijua si jibu, na mwalimu alijua kwamba Wawira anajua. Lakini mtoto hamshiki mwalimu shati, kwa hiyo alinawa.

Huyu Mwalimu Ruguru hakuwa mtu wa huku. Kwao ni Karurumo, upande wa juu, kwenye kahawa na migomba na asubuhi za ukungu. Alipotumwa kufundisha hesabu katika shule ya kutwa iliyo kati ya Gachoka na Kiritiri, watu walimtazama viatu vyake vyeupe wakacheka. "Watu wa juu wakiona vumbi hulia," alisema Mbaka, kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu pale Kiritiri. Kiangazi cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, viatu vikawa na rangi ya njia kama vya kila mtu. Kulia hakulia. Alikohoa tu.

Kilichomsumbua si vumbi, ni madawati. Mvua ikinyesha vizuri, watoto wanaitwa kuchuma muguka, majani yale ya kutafunwa. Mvua ikikataa, wanaitwa kuchoma makaa au kuwafuata mbuzi mbali, huko mitoni ambako bado kuna majani. Leo darasa limejaa, kesho unahutubia mbao. Na yeye aliijua habari hiyo kwa mwili wake. Alipokuwa msichana, msimu wa kahawa ukifika baba yake alimfunga kikapu kiunoni, na aliporudi shuleni alikuta darasa limeshavuka mto na daraja limeondolewa. Hakuna aliyerudi kumvusha. Alijivusha mwenyewe, na hasira ile hakuimaliza yote. Alibaki nayo kidogo, kama mtu anayeweka makaa chini ya majivu ili asubuhi asiombe moto kwa jirani.

Ndipo akaanza kurekodi masomo. Masomo mafupi, dakika tatu tu, kwa sababu video ndefu zilikataa kupita kutoka simu moja hadi nyingine, na simu zenyewe zilikuwa za akina mama, zenye vioo vilivyopasuka kama shamba la kiangazi. Mara ya kwanza alirekodi ubao wa shule. Ubao ulikuwa umepakwa rangi inayong'aa, na kwenye simu maandishi hayakuonekana hata kidogo, ni mwanga mtupu, kana kwamba malaika anataka kusema kitu lakini hana sauti. Akajaribu karatasi, upepo ukaichezea. Kisha siku moja akiosha vyombo, jua kali, akaona tako la sufuria. Jeusi tii. Halirudishi mwanga hata kidogo. Akachukua chaki, akaandika, akapiga picha. Kila tarakimu ilisimama kama mbuzi mweupe usiku.

Tangu siku hiyo hakuruhusu mtu aisugue ile sufuria. Githeri ilipikwa humo, masizi yakaongezeka, masomo nayo. Uso wake hukuuona kwenye video. Uliona duara jeusi, mkono wenye chaki, na ulisikia sauti. Watu wakambatiza jina: Mwalimu wa Sufuria.

Mbaka ndiye aliyezitawanya video hizo. Kibandani kwake watu huleta simu zijazwe moto na kadi zijazwe nyimbo, naye akaanza kuchomeka somo katikati ya nyimbo bila kuomba ruhusa. Hebu fikiria mama yuko jikoni, anaimba na kwaya, anatikisa bega kidogo, mara kwaya inakatika: "Hamjambo. Leo tunatafuta eneo la duara." Wengine walimtukana Mbaka. Wengi waliacha lichezwe mpaka mwisho, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye unga.

Na mwisho ndio ulikuwa udhia. Kila somo lilizimwa hatua moja kabla ya jibu. Wachunga mbuzi walibishana mtoni hadi mifugo ikaingia mashamba ya ndengu ya watu. Wachumaji wa muguka walirushiana majibu kutoka mti hadi mti: "Ni kumi na nne!" "Kumi na nne ya mama yako, ni ishirini na nane!" Wawira mwenyewe, siku za kuchunga, alilitazama somo kwenye simu ya babu yake mara mbili, mara tatu, akakokotoa kwa kijiti mchangani, asiamini alichopata. Kesho yake alikuwa kwenye dawati kabla ya kengele, na hakuwa peke yake. Wote walikuja na swali moja, wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mwalimu aliingia, akawatazama, akasema, "Kumbe mpo," akamalizia ule mstari wa mwisho ubaoni. Basi.

Mambo yaliharibika wakati wa asilimia. Mwalimu alitaka kitu cha kuhesabika kilicho hai, na Wawira, mdomo wake ule, akasema, "Mbuzi wa Guka wanatoka bomani mmoja mmoja. Mlango ni mwembamba."

Guka huyo ni Mzee Ireri, babu yake, mzee mrefu mwenye fimbo iliyonyooka kumshinda. Siku hiyo alikuwa ameondoka mapema kwenda kusalimia mgonjwa. Simu ikafungwa kwenye nguzo, lango likafunguliwa, na mbuzi wakaanza kutoka, na Mwalimu Ruguru, kwa sauti yake ya darasani inayofika hadi dawati la nyuma, akawahesabu. Mmoja. Wawili. Watatu. Hadi wa mwisho. Akaitaja jumla, waziwazi. Akauliza: wenye mabaka ni asilimia ngapi ya wote? Akazima.

Idadi yenyewe tuiache. Mbuzi ni wa wenyewe.

Tangu yule wa pili Wawira alianza kutazama njiani, kama Guka anarudi. Kwao mbuzi hawahesabiwi. Mzee Ireri husimama langoni jioni, akawatazama usoni, akasema "wamefika" au "yule mwenye sikio lililopasuka yuko wapi?" Ukimwuliza ana wajukuu wangapi atakuambia, "Ni wale walioko." Ukishataja idadi ya kitu kinachopumua, umekionyesha kwa kitu kingine kinachotafuta cha kupunguza. Wawira aliyajua hayo tangu akinyonya. Ila alifikiri mwalimu ana ruhusa yake, kama daktari anavyoona usichowaonyesha watu. Na mwalimu? Embu nzima inaijua mila hiyo. Lakini kwao Karurumo walikuwa na ng'ombe mmoja, na mmoja hahesabiwi, huitwa kwa jina lake tu. Tena mtu ambaye tangu asubuhi hadi jioni kazi yake ni kuhesabu, mdomo humtangulia.

Siku ya soko Mzee Ireri alikuwa Kiritiri ananunua chumvi ya mifugo. Mchuuzi asiyemjua hata jina akamjia na mkono. "Mzee wa mbuzi," na akaitaja ile idadi, barabara, bila kukosea hata mguu, "huniuzii wawili?"

Mzee alirudi nyumbani bila chumvi. Wiki hiyohiyo jike lake bora, lenye mabaka, lilikutwa bomani limevimba, limekufa.

Basi Mzee Ireri akaja shuleni. Na Mkuu wa shule, Bwana Gachoki, ambaye zile video zilikuwa zimemkaa kooni siku nyingi kama mwiba wa samaki, akamkaribisha kwa chai. Hapo chai ikazaa mkutano wa wazazi.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikatazwa kuingia, kwa hiyo wakajazana madirishani, Wawira mbele kabisa, kidevu kwenye saruji.

"Madam Ruguru," Bwana Gachoki akaanza, tai imenyooka, "video zako zimeua mbuzi wa mzee wa watu. Zimeleta simu kwenye jumuiya ya shule. Na kubwa zaidi, zimewapa watoto kisingizio cha kubaki nyumbani. Mtoto akiwa na mwalimu mfukoni, shule ya nini? Toa simu yako. Uzifute zote hapa, wazazi wakiona. La sivyo naandika barua kwa ofisi ya elimu, na barua zangu huwa hazipotei njiani."

"Zote?" mwalimu akauliza.

"Zote."

Mwalimu Ruguru alisimama. Hakuwa mrefu, lakini siku hiyo Wawira aliapa kwamba ameongezeka. "Ile ya mbuzi nitaifuta. Hapo nimekosa, na nitasema hivyo mbele ya mwenyewe. Nyingine sifuti hata moja."

"Uuui!" mama mmoja akaguna.

"Bwana Mkuu," sauti ikatoka mlangoni, ya Mbaka, "hata akifuta, mimi ninazo kibandani. Akina mama wanaouza ndengu wanazo. Dereva wa lori la mchanga anazo. Utafuta na lori?"

Watu wakacheka. "Wewe Mbaka si mzazi wa hapa!" Mkuu akafoka.

"Bado natafuta mke, Bwana Mkuu. Usiniharibie jina mbele ya watu."

Kicheko kilipotulia, Bwana Gachoki aliinama mezani, sauti imeshuka, na hapo ndipo alipokuwa hatari. "Sawa. Na hili la kuwatoa watoto darasani, una la kujitetea?"

Mwalimu alifungua mdomo. Wawira aliona kabisa kwamba maneno yako pale, nyuma ya meno, yamejipanga. Kisha macho ya mwalimu yakaenda dirishani, yakapita juu ya vile vichwa vyote vya watoto, wa muguka, wa makaa, wa mbuzi, masikio yametanuka kama ya sungura. Akafunga mdomo.

"Sina," akasema.

Wawira alitaka kupiga kelele. Anacho! Mwalimu, unacho! Lakini chenyewe ni nini, yeye mwenyewe hakujua.

"Hana," Bwana Gachoki akarudia, akitabasamu kama mtu aliyeona mpira umeshavuka mstari. "Basi naandika."

"Andika," mwalimu akasema. "Kalamu ni yako na karatasi ni yako. Mimi sifuti."

Hapo Mzee Ireri akagonga sakafu kwa fimbo. "Mwarimu," akaita, kwa ulimi wa kwao, "kwenye simu utafuta. Kwenye masikio ya watu utafuta na nini? Idadi imeshatoka. Inatembea huko sokoni kwa miguu yake."

"Ni kweli, mzee. Nimekukosea." Mwalimu akatoka nje, akaenda nyuma ya tangi la maji, na akarudi akimvuta mbuzi jike mweusi kwa kamba. Alimnunua Kiritiri siku hiyohiyo, na kumleta hadi shuleni kulimtoa jasho, maana mbuzi alikuwa na maoni yake kuhusu njia.

Wazazi wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Alimtazama mbuzi, akamtazama mwalimu, akasema polepole, "Wangu walitangazwa. Mmoja akafa, idadi ile ikawa uongo. Sasa unaniletea mmoja, idadi irudi kuwa kweli. Wewe unaniponya au unanimalizia?"

Makofi yakafa. Wawira akakokotoa haraka kichwani: Guka amepata. Toa mmoja, jumlisha mmoja. Ni palepale.

"Mshike tumbo, mzee," mwalimu akasema.

Mzee akainama, akapapasa. Uso ukabadilika kidogo. "Ana mimba."

"Ya wangapi?"

Akapapasa tena, taratibu, kama mtu anayesoma. "Hilo ni Mungu ajuaye."

"Basi. Kuanzia leo idadi ya mbuzi wako anaijua Mungu. Yule mchuuzi wa soko hana tena la kusema. Na mimi, nikiwahitaji kwa somo, sitawahesabu. Nitawaita x."

"X ni wangapi?"

"Ni wale walioko."

Kisha kitu kikaanza kutikisika chini ya koti la mzee, kikapanda hadi mabegani, na kumbe ni kicheko. "Ni wale walioko! Lakini ndivyo tunavyosema siku zote! Kumbe mnaifundisha shuleni?"

"Tangu kidato cha kwanza."

"Na mjukuu wangu hakuniambia!" Akageukia dirishani na fimbo. Wawira alitoweka chini ya saruji kama mjusi.

Alipochungulia tena, Guka yake alikuwa amemgeukia Mkuu wa shule. "Shauri langu mimi lilikuwa la mbuzi. Limekwisha. Hilo la kufuta masomo ya watoto sikuja nalo hapa, usilitundike kwenye fimbo yangu."

Bwana Gachoki hakuwa mtu wa kushindwa bila kubakiza kitu mkononi. Alikusanya karatasi zake. "Ndani ya ua wa shule hii, video hakuna. Nikiona simu imefungwa kwenye mti, naichukua."

"Ndani ya ua?" mwalimu akauliza.

"Ndani ya ua."

"Nimesikia."

Na alisikia vizuri sana. Kesho yake, kengele ya chakula ilipolia, Mwalimu Ruguru alitoka langoni na sufuria kichwani, akavuka waya wa ua, akapiga hatua moja, moja tu, akatua. Panda la mti likasimikwa, simu ikafungwa, Wawira akapiga magoti. Ofisi ya Mkuu ina dirisha upande huo. Pazia likasogea. Mwalimu akainua sauti, si kwa simu, simu ilikuwa karibu na kidevu chake: "Hamjambo! Leo tuna mbuzi x wa mzee mmoja mwenye heshima zake. Robo yao wana mabaka."

Pazia likarudi.

Siku zote zilizofuata alirekodi hapo, jua au upepo, hatua moja nje ya waya, mpaka nyasi zikaisha na pakawa na kiwanja kidogo cha duara kama mahali pa kupuria ndengu. Barua iliandikwa, hilo walijua, kwa kuwa Bwana Gachoki aliitaja kila mkutano wa walimu, "barua yangu, barua yangu," mpaka walimu wenzake wakaizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Upandishaji cheo wa mwalimu ulikwama mahali, haukusogea. Alipoulizwa hilo alisema cheo si githeri. Mzee Ireri naye aliweka masomo yote ya x kwenye simu yake, na alimwonyesha kila mgeni, akisema huyo x ni mtu mzima, hatoboi siri za nyumba ya mtu.

Miaka ikaenda. Wawira akawa wa kidato cha nne, mrefu kama Guka yake, maswali yakiwa yamepungua kidogo tu. Yule mbuzi mweusi alizaa, na waliozaliwa wakazaa, na wako wangapi leo usiulize. Masizi ya sufuria yalikuwa mazito kiasi kwamba chaki ilizama.

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani walirekodi somo lao la mwisho pamoja, palepale nje ya waya. Hesabu ikateremka mstari kwa mstari. Ukabaki mmoja. Kidole kikanyooka, simu ikazima. Ng'ambo ya waya, darasa la kidato cha kwanza lilikuwa limejaa hadi dirishani, na ulikuwa msimu wa muguka. Wawira aliyatazama yale madirisha muda mrefu, sufuria bado mikononi.

"Mwalimu," akasema, "nilikuuliza nikiwa mdogo, ukanituma maji."

"Nakumbuka. Ulikuwa mweusi hadi viwikoni."

"Na siku ile ya mkutano, Mkuu alipokuuliza kama una la kujitetea, ulikuwa nalo. Nilikuona. Ukalimeza, ukamwachia aandike." Akaiweka sufuria chini. "Kwa hiyo nauliza tena. Mbona unazima kabla ya jibu?"

Mwalimu Ruguru alifuta chaki vidoleni kwa upindo wa leso, akatupa jicho kwenye dirisha la ofisi, kisha kwenye madirisha ya darasa.

"Ulikuwa mtego, mtoto wangu, na mlikuwa mmejazana dirishani mnanisikiliza," akasema. "Mtego hauelezwi mbele ya ndege, hata kama mtu amekushika shati. Ningewapa jibu kwenye simu, mngerudi darasani kufuata nini?"